Mgeni njoo, mwenyeji apone: njia za saikolojia mbele ya baraza letu



Mu mji wetu na mu vijiji vyetu kuna sauti mbili ambazo zimetuchosha. Ya kwanza ni ya mwenye diplome. Huyu amesoma Freud, amesoma Piaget, ameandika somo lote kwa Kifaransa tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, lakini ukimuuliza mtoto wa jirani anaumwa nini, anakujibu kwa jina la Mzungu. Ya pili ni ya yule anayejiita mlinzi wa desturi. Huyu anasema saikolojia ni mambo ya wazungu, Mwafrika hajui huzuni ya namna ile, mababu walimaliza yote, na mambo ya kichwa yanapelekwa kwa mganga wa kienyeji ao mu chumba cha maombi. Sauti hizi mbili zinagombana kila siku. Sisi tunaona zinafanana kabisa: zote mbili zinajibu mbele ya kuuliza.

Kitabu hiki kinasema juu ya desturi. Wengine watashangaa kukuta ndani yake maneno juu ya Vienna na Chicago. Wasishangae. Njia za saikolojia zimekwisha kuingia mu nyumba zetu. Ziko ku hospitali, ziko ku mashirika yanayosaidia waliokimbia vita, ziko mu masomo ya waalimu. Mwaka wa 1971, wakati serikali ya Mobutu iliunganisha iniversite zote kuwa UNAZA, masomo ya saikolojia yaliwekwa Kisangani. Tangu wakati ule vijana wengi wa inchi hii wamekariri majina na tarehe. Mtu aliyekwisha kuingia nyumbani hatumuulizi tena kama aingie. Tunamuuliza anabeba nini mkononi.

Njo maana tunataka kulinganisha njia kubwa za saikolojia kwa namna ya baraza, si kwa namna ya mtihani. Mu mtihani wanauliza: nani alisema nini, mwaka gani? Mu baraza tunauliza mambo matatu. Wewe unaweka maumivu wapi? Unamweka nani na kosa? Na kesho asubuhi unatuomba tufanye nini?

1. Mtoto ambaye kila mtu anamjua

Tuchukue mtoto mmoja. Si mtoto wa fulani. Ni watoto wengi waliokusanywa kuwa mmoja. Jamaa yake imekimbia vita: inaweza kuwa vya 1996, ao vya 1998, ao vile vilivyofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025. Baba alibaki njiani. Mama ni mgonjwa, yuko kwao. Mtoto anakaa kwa baba mdogo. Ana miaka kumi, lakini bado anakojoa kitandani. Usiku anaamka na kulia. Ku masomo anaangalia dirisha. Nyumbani anaficha chakula chini ya mkeka. Mwaka uleule baba mdogo amepoteza kazi, na mke wake amepoteza mimba. Siku moja mtu anatupa neno: "Huyu mtoto haiko bure." Kila mtu wa inchi yetu anajua sentensi inayofuata.

Sheria ya tarehe 10 januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Artikulo ya 160 inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Sheria hii ni nzuri, na tunapashwa kuisoma kwa sauti kubwa mu makanisa. Lakini sheria inafunga mdomo wa mwenye kushitaki. Haielezi mtoto anaumwa nini. Na mtu ambaye hajaelezwa atatafuta maelezo yake mwenyewe usiku, kwa siri. Basi tuziite njia za saikolojia moja moja, zitoe ushuhuda juu ya huyu mtoto.

Mbele ya ushuhuda wowote, munganga apime mwili. Kuna watoto wanaokojoa kitandani kwa sababu ya ugonjwa wa damu wa SS, wengine kwa ugonjwa wa sukari, wengine kwa kifafa cha usiku. Mtoto wa SS aliyepelekwa ku maombi siku arobaini bila kupimwa damu, huyo hakuonewa na shetani. Alionewa na watu wakubwa.

2. Freud: mkojo ni maneno

Shahidi wa kwanza ni mzee Sigmund Freud wa Vienna, aliyezaliwa 1856 na kufa London mwaka wa 1939. Yeye anaweka maumivu ndani ya mtu, chini ya mahali ambapo mtu mwenyewe anaweza kuona. Anasema: kile ambacho mdomo haukupata nafasi ya kusema, mwili utakisema kwa njia yake. Mwaka wa 1909 alitangaza habari ya mtoto wa miaka mitano aliyeogopa farasi. Wakati wa matibabu yale Freud alimwona yule mtoto mara moja tu. Kazi ingine yote ilipita kwa baba yake. Woga wa farasi ulikuwa, kadiri ya Freud, woga wa baba uliovaa nguo ya mnyama.

Tunapokea nini kutoka kwake? Jambo moja kubwa sana: alama ya ugonjwa ina maana. Mkojo wa mtoto wetu si uchafu tu, ni habari. Hapo Freud na wazee wetu wangeelewana, kwani hata wao hawakuacha ndoto ipite bila kuuliza inatoka wapi.

Lakini shahidi huyu anafika na nyumba yake kichwani: baba mmoja, mama mmoja, mtoto katikati. Mu nyumba zetu kuna baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, mjomba mwenye neno, koko mwenye siri. Mwaka wa 1966 Marie-Cécile na Edmond Ortigues walitangaza kitabu juu ya kazi yao Dakar, inchini Senegal. Walikwenda kutafuta ugomvi wa mtoto na baba kama Freud alivyoueleza. Waliukuta, lakini umebadilika sura: kule, baba alisimama karibu na mababu, hapigwi wala hashindwi, na mashindano yalielekea kwa ndugu na watu wa rika moja. Kumbe hata mlango wa siri wa nafsi unafunguka kwa ufunguo wa kila nyumba. Na tuseme kweli yote: dawa ya Freud inaomba kulala ku kitanda cha daktari mara nyingi kwa juma, miaka na miaka. Nani ataipata Walikale?

3. Njia ya mwenendo: woga unafundishwa

Shahidi wa pili hapendi siri. Mwaka wa 1913, John Watson wa Marekani alisema saikolojia iache kutafuta ndani, iangalie kile mtu anachofanya. Ivan Pavlov wa Urusi alikuwa amekwisha kuonyesha kama imbwa anaweza kufundishwa kutoa mate kwa kusikia ishara tu, bila nyama. Mwaka wa 1920 Watson na Rosalie Rayner walimtesa mtoto mchanga kwa jina la elimu: kila alipogusa panya mweupe, walipiga chuma kwa nyundo nyuma yake, mpaka panya peke yake akamliza. Ilikuwa kazi mbaya, leo hakuna anayeruhusiwa kuifanya. Lakini ilionyesha jambo ambalo sisi wa Kivu tunalijua kwa damu: woga unaweza kufundishwa kwa mtu asiye na kosa lolote. Mtoto aliyesikia bunduki usiku, akafundishwa usiku. Giza likija, mwili wake unajibu mbele ya akili.

Njia hii inaweka maumivu mu mazoea, na haimweki mtu yeyote na kosa. Tena inajua kufanya kazi. Mwaka wa 1938 mume na mke waitwao Mowrer walitoa njia ya kengele: kitambaa chini ya mtoto, kikilowana tu kengele inalia, mtoto anaamka. Baada ya majuma watoto wengi wanakauka. Njia hii inatumika mpaka leo. Hakuna damu ya kuku, hakuna kufunga chakula, hakuna pasta. Tuulize wenye kuona uchawi mu mkojo: ni uchawi gani unaofukuzwa na kengele?

Njia hii inatuhukumu sisi pia. Kuna jamaa ambazo zinamzungusha mtoto na mkeka wake wa maji ili wenzake wamcheke. Wanaita ile malezi. Watu wa mwenendo wanajua kitu kinachotokea: aibu inaongeza woga, na woga hauwezi kukausha mkeka.

Hata hivyo shahidi wa pili ana upofu wake. Anaweza kukausha mkeka na asiulize baba alibaki wapi. Mtoto hakojoi tena, lakini bado anaangalia dirisha.

4. Njia ya utu: kusikiliza bila kuhukumu

Shahidi wa tatu ni Carl Rogers, naye wa Marekani, aliyefanya kazi Chicago na aliyetangaza mwaka wa 1951 kitabu kikubwa juu ya kumweka mtu mwenyewe katikati ya matibabu. Yeye anasema mtu ana nguvu ya kukua kama mbegu; kinachomzuia ni kukosa mahali ambapo anapokelewa bila masharti. Kesho asubuhi Rogers anatuomba jambo moja: kaa chini, sikiliza, usikate neno, usihukumu.

Wengi wetu tunacheka tukisikia hivi. "Kusikiliza tu? Hata mimi ninaweza." Hapana, huwezi. Angalia namna tunavyofariji ku kilio: "Usilie, wewe ni mwanaume." "Mungu alimpenda zaidi." "Wengine wamepoteza watano, wewe mmoja tu." Maneno haya yanatoka mbio kwa sababu machozi ya mwenzetu yanatutisha. Rogers anatufundisha kunyamaza, na si kazi ndogo.

Lakini mwenzake Abraham Maslow alituletea hasara. Mwaka wa 1943 aliandika juu ya mahitaji ya mtu: kwanza chakula na usingizi, kisha usalama, kisha upendo, kisha heshima, na juu kabisa kutimiza utu wake. Wengine njo waliyachora kama piramide, na piramide ile sasa iko mu kila semina. Kwa jina lake watu wanagawa mahindi na mahema, wanasema mambo ya nafsi yatakuja nyuma. Waende mu kambi ya waliokimbia. Wataona mama ambaye hajala tangu jana anatafuta kwanza kitambaa cha kumzikia mtoto wake kwa heshima. Wataona watu wanaimba mbele ya kugawiwa chakula. Kwetu, kuzika na kuimba si ghorofa ya juu. Ni msingi.

5. Njia ya mawazo: ushuhuda uliopimwa kwetu

Shahidi wa ine anasema maumivu yanakaa mu maana tunayoipa mambo. Aaron Beck wa Philadelphia, miaka ya 1960, aliona wagonjwa wa huzuni wanarudia mawazo yaleyale: mimi si kitu, kesho ni giza, kosa ni langu. Kazi yake ni kuchukua wazo lile na kuliweka mbele ya ushahidi, kama hakimu. Mtoto wetu pengine anafikiri: "Baba alikufa kwa sababu nilikuwa ninachoka, akanibeba, tukakawia." Hakuna aliyemuuliza, basi hakuna aliyemjibu.

Njia hii tuna haki ya kuisema sana, kwani ilipimwa hapahapa Kivu. Mwaka wa 2013 jarida la uganga la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitangaza kazi iliyofanywa na wanawake waliobakwa mu vijiji vya mashariki ya Kongo. Wanawake 157 waliwekwa mu vikundi, wakafundishwa kupima mawazo yao juu ya yale yaliyowapata. Wengine 248 walipata msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja. Baada ya miezi sita, mu vikundi walibaki wanawake 9 kwa 100 wenye alama kubwa za huzuni na wasiwasi. Kwa wengine walibaki 42 kwa 100. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa hapa wenye masomo ya sekondere kidogo, waliosimamiwa vizuri. Na haikuwa kwa Kifaransa. Ilikuwa kwa Kiswahili, Mashi, Kifuliru, Kihavu na Kibembe.

Wewe unayesema mwanamke wa kijiji hawezi kuelewa saikolojia, soma tena kipande hiki. Wengi wao hawakujua kuandika, basi masomo yalirahisishwa, wakayashika kwa kichwa kama tunavyoshika mezali. Na wewe mwenye diplome unayesema elimu hii haisemeki kwa lugha zetu, soma wewe pia.

Lakini baraza haliachi shahidi aondoke mbele ya swali la mwisho. Wale 157 walikuwa mu kikundi, wale 248 walikuwa mmoja mmoja. Basi kilichoponya ni nini: kupima mawazo, ao kukaa pamoja na wenzako wanaojua bila kuelezwa? Kazi ile peke yake haiwezi kutenganisha mambo haya mawili. Sisi tunafikiri yote mawili yalisaidiana, na hapo tunafika kwa shahidi wa tano.

6. Njia ya jamaa: mtoto anabeba ugonjwa wa nyumba

Mwaka wa 1956 Gregory Bateson na wenzake, kule California, waliandika ya kwamba ugonjwa wa mtu mmoja unaweza kueleweka tu ukiangalia namna watu wa nyumba wanavyosemezana. Salvador Minuchin, aliyefanya kazi na jamaa maskini za New York, alitangaza mwaka wa 1967 kitabu juu ya jamaa zile. Watu wa njia hii wanasema: yule mnayetuletea kama mgonjwa, mara nyingi ni yule aliyebebeshwa ugonjwa wa wote. Baba mdogo bila kazi, mke wake mwenye huzuni ya mimba iliyotoka, chakula kisichotosha: haya yote yanatafuta mahali pa kukaa. Yanakaa juu ya mtoto asiye na wa kumtetea.

Wazee wetu wangesikia hii na kusema: "Lakini hii tunaijua!" Kweli. Walijua ugonjwa wa mtu unaanza mu uhusiano, na walikusanya ukoo mbele ya kutoa dawa.

Ku njia hii tunaweka pia John Bowlby wa Uingereza, aliyeandika mwaka wa 1951, kwa ombi la shirika la afya la dunia, juu ya mtoto aliyetengwa na mama yake. Alisema mtoto anahitaji mtu wa kushikamana naye kama anavyohitaji chakula. Sasa wewe mlinzi wa desturi, sikiliza. Mary Ainsworth, aliyeijenga nadharia hii pamoja na Bowlby, alianza kuwaangalia mama na watoto mu vijiji vya Waganda, inchini Uganda, mwaka wa 1954 na 1955. Kitabu chake juu ya kazi ile kilitoka 1967. Kisha, mwaka wa 1987, Edward Tronick na wenzake walitangaza kazi juu ya Waefe, wale Bambuti wa msitu wa Ituri, mu inchi yetu. Waliona mtoto mchanga anapita mikononi mwa watu wengi, hata ananyonya ziwa la mwanamke mwingine, na anakua vizuri. Ile kazi ilitikisa wazo la kwamba mtoto anapashwa kuwa na mtu mmoja tu juu ya wote. Sasa nani anasema saikolojia ni mambo ya wazungu? Sehemu yake ilisomwa ku migongo ya mama zetu. Wazungu waliandika, lakini walikuwa wanaangalia sisi.

7. Sasa desturi nayo isimame

Tumewauliza wageni. Mwenyeji naye asijifiche nyuma ya mlango.

Desturi yetu ina mali. Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi wana mutanga: kamba ndefu iliyofungiwa vitu vidogo, mfupa, ganda, kipande cha mti, na kila kitu ni mezali moja. Mzee anashika kitu kimoja na watu wanafundishwa namna ya kuishi. Leo kuna njia ya kutibu waliopigwa na vita, iliyotengenezwa na watu wa Konstanz, Ujerumani, na kutumika mu kambi za Uganda na hata Goma. Wanamwomba mtu alaze kamba chini: jiwe kwa kila siku mbaya, ua kwa kila siku nzuri, kisha asimulie maisha yake yote kufuata kamba. Hatusemi waliiba mutanga. Kila kamba ina kwao. Tunasema hivi: mtu wetu akiombwa kusoma maisha yake ku kamba, hataona kitu kigeni. Lakini nani mu iniversite zetu amekaa na wazee wa Warega na kuuliza kama mutanga inaweza kufanya kazi hiyo?

Desturi ina kosa pia, na ni kosa kubwa. Ikikuta maumivu, inauliza mbio: nani? Freud anauliza: ni neno gani halikusemwa? Watson anauliza: ni zoea gani lilifundishwa? Beck anauliza: ni wazo gani? Minuchin anauliza: uhusiano gani? Sisi tunauliza: ni nani aliyemroga? Na swali la "nani" halilali mpaka lipate jina, na jina linalopatikana ni la yule asiye na nguvu: mjane, mzee wa macho mekundu, mtoto wa kulelewa.

Tena wanatudanganya wakisema kumshitaki mtoto ni desturi ya mababu. Mu miji mikubwa ya Kongo shitaka hili liliongezeka sana tangu miaka ya 1990, wakati wa njaa, wa vita na wa vyumba vya maombi vinavyolipisha "ukombozi". Mu maisha ya zamani, mtoto alikuwa wa ukoo mzima. Kumtupa ilikuwa kutupa koko aliyerudi kwa jina lake. Basi hii si desturi. Ni umaskini uliovaa nguo za desturi. Chama cha kulinda desturi kinachonyamaza juu ya jambo hili kinalinda nini?

8. Namna ya kumpokea mgeni

Kuna namna mbaya na namna nzuri. Namna mbaya tuliiona wakati wa Wabeleji. Mwaka wa 1954 André Ombredane alitangaza Bruxelles kazi yake juu ya picha alizowaonyesha Wakongo ili wazisimulie. Picha zilitengenezwa kwa ajili yetu, lakini swali halikuwa letu: alitaka kujua "akili ya Weusi". Sisi tulikuwa kitu cha kupimwa. Hata Padri Tempels, aliyeandika juu ya fikra za Wabantu mwaka wa 1945, alituheshimu kuliko wengi, lakini alisema pahali petu, kama kwamba hatuna mdomo.

Namna nzuri ilionekana Algeria. Frantz Fanon alifika hospitali ya Blida mwaka wa 1953. Alileta njia ya kutibu kwa mikutano, michezo na gazeti la wagonjwa, kama alivyojifunza Ufaransa. Kwa wanawake wa Ulaya ilifaulu. Kwa wanaume Waislamu ilianguka kabisa. Fanon hakusema wagonjwa ni wajinga. Alisema njia imeingia bila kuuliza njia. Akafungua pahali pa kunywa kahawa kwa desturi yao, akaweka sikukuu zao, na kazi ikaanza kutembea. Dakar vilevile Henri Collomb aliruhusu ndugu wa mgonjwa alale naye hospitali, na aliongea na waganga wa kienyeji bila kuwacheka na bila kuwapigia magoti.

Hii njo maana ya mezali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anakuja na dawa, lakini mwenyeji njo anayejua mgonjwa analala chumba gani.

9. Yale tunayoomba

Hatuombi Freud afukuzwe wala Beck avikwe taji. Hakuna njia moja iliyomwona mtoto mzima. Mmoja aliona siri, mwingine zoea, mwingine utu, mwingine wazo, mwingine nyumba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vitano visivyo ku mkono mmoja havivunji chawa vilevile. Mkono ni sisi.

Kwa waalimu wa saikolojia tunaomba haya: fundisheni kila njia kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa, na mtihani uwe wa kumweleza mama wa soko, si wa kukariri tarehe. Kwa mashirika: mbele ya kuleta njia, mulize kama ilipimwa kwetu, na ni nani ataiendesha mukikwisha kuondoka na magari yenu. Kwa wachungaji na wajumbe wa maombi: mtoto yeyote anayeletwa kwenu, apitie kwanza kwa munganga, na musimfunge, musimchome, musimnyime chakula, mkikataa, sheria ya 2009 iko. Kwa wazee wetu: kusanyeni baraza kama zamani, lakini badilisheni swali. Pahali pa kuuliza "ni nani aliyeleta hii?" muulize "huyu mtoto ameona nini, na nani amekaa naye?"

Na kwa wale wawili tuliowataja mwanzoni, mwenye diplome na mlinzi wa desturi: tumewawekea viti viwili mu baraza, kimoja karibu na kingine. Mukae. Muache kugombana juu ya mababu na wazungu. Kuna watoto wanaolala nje usiku wa leo kwa sababu ninyi wawili hamujasikilizana.